Kito cha Umba na Jina Lisilo Lake

Katika vitabu vya vito vinavyochapishwa Ulaya na Marekani, na katika vinywa vya wafanyabiashara wa Arusha, Nairobi na Bangkok, liko jiwe moja la thamani ambalo asili yake ni bonde la mto Umba, katika mkoa huu wetu wa Tanga, na ambalo kwa takriban nusu karne sasa limekuwa likiuzwa, likisifiwa na kuvishwa vidoleni mwa mabibi wa kila taifa kwa jina la malaya. Silitaji neno hili kwa kupenda kushtua. Nalitaja kwa sababu ndilo lililoandikwa katika majedwali ya wataalamu na katika matangazo ya maduka, na kwa sababu watu wengi wa pwani, ambao lugha yao ndiyo iliyochukuliwa kufanyiwa kazi hiyo, hawana habari nalo, na wale wenye habari aghalabu hupandisha mabega na kusema kwamba jina ni jina tu, limekwisha kuenea, wala jiwe halina masikio ya kusikia linaitwaje. Rai hiyo ndiyo ninayokusudia kuipinga hapa, kwa hoja na kwa moyo wote, kwa kuwa naiona ni batili katika historia yake, batili katika elimu ya mawe, batili katika biashara, na batili zaidi katika adabu.

Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, hushuka kwenye nyika kavu ya kaskazini, huvuka mpaka na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Msafiri atokaye Tanga mjini, aliyezoea minazi, mashamba ya mkonge na hewa yenye chumvi, akifika huko huona nchi nyingine kabisa: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, jua lisilo kivuli, na ardhi iliyotobolewa mashimo. Chini ya udongo huo, Kalalani na pande nyingine za bonde, miamba ya kale iliyopikwa kwa joto na kushindiliwa kwa uzito katika kina cha dunia iliacha hazina ya ajabu, kwani yakuti za Umba hutoka kwa rangi nyingi ambazo si rahisi kuzikuta pamoja kwingineko, za samawati, za zambarau, za manjano, za kijani, za chungwa, na nyingine zinazobadilika rangi zikiondolewa juani na kupelekwa kwenye mwanga wa taa. Bonde lililojaaliwa hivyo halikuwa na haja ya kuazima sifa kwa mtu, sembuse kupokea fedheha.

Katikati ya miaka ya 1960 wachimbaji wa bonde hilo walikuwa wakitafuta rodolaiti, ganeti ya rangi ya waridi iliyoelekea zambarau, ambayo wanunuzi wa wakati ule waliitaka. Katika chekeche zao, pamoja na rodolaiti, yalitoka mawe mengine yaliyofanana nayo kwa uzito na kwa umbo lakini yakahitilafiana nayo kwa rangi: machungwa yaliyoingiwa na uwaridi, kahawia yenye wekundu, na pengine rangi isiyo na jina maalumu, ambayo mtu akilishika jiwe kwa kibano na kulielekeza juani huona ndani yake mfano wa chai ya rangi katika bilauri, inayong'aa katikati na kukolea kandoni. Mnunuzi alikuwa na orodha yake, na jiwe hili halikuwamo. Kwa rangi halikuwa rodolaiti, kwa vipimo halikuwa spesataini, ganeti nyingine. Likasukumwa kando ya meza, likarudi kwa dalali, na dalali akalirudisha kwa mchimbaji aliyekwisha kuvunja mgongo wake kwa sururu kulitoa ardhini. Hapo sokoni ndipo lilipoitwa malaya, na jina hilo likaling'ang'ania hata baada ya wanunuzi wa Marekani, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, kuligeukia na kulipenda, bei ikapanda, na mawe yaliyokataliwa jana yakawa ndiyo yanayoulizwa leo.

Tazama sasa jinsi vitabu vinavyolieleza jina lenyewe. Vingi vyao havisemi maana yake. Husema ni neno la Kiswahili lenye maana ya aliye nje ya ukoo, au aliyetengwa na jamaa zake, kisha huendelea na sifa za jiwe, mwandishi huyu akiipokea tafsiri kwa yule bila ya kumuuliza msemaji yeyote wa lugha. Hakuna mtoto wa Tanga, wa Pangani wala wa Mombasa aliyefika umri wa kupelekwa dukani asiyejua kwamba hiyo siyo maana. Kiswahili kina maneno yake kwa asiye wa ukoo: mtu baki, mgeni, mtu wa kuja, na kwa aliyefukuzwa na wenziwe kina mtengwa. Malaya si katika hayo. Malaya ni mtu anayeuza mwili wake, na katika ndimi za watu ni tusi ambalo mwanamume mwenye hasira humtupia mwanamke yeyote asiyemridhia, awe mjane, awe mke wa mtu, awe binti aliyekataa kuposwa. Kulitia neno hilo katika kitabu cha elimu kwa tafsiri iliyosafishwa ni kuwaficha wasomaji wa mbali jambo ambalo wasemaji wa lugha hawawezi kufichwa.

Na hata ukiliacha tusi kando ukaifuata historia, tafsiri hiyo haisimami. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, aliandika habari za wanawake wa Nairobi ya zama za ukoloni, akaeleza kwamba katika mitaa kama Pumwani neno malaya lilikuwa na maana mahsusi: ni yule aliyekaa chumbani mwake akangoja kufuatwa, mbali na watembezi waliotafuta wateja njiani. Humo chumbani mgeni wake alipata chai, chakula na maji ya kuoga pamoja na malazi, na katika wanawake hao wamo waliojiwekea akiba wakajenga au kununua nyumba, wakawa wenye milki, wakajichagulia na warithi. Sisemi haya kuutukuza ukahaba, ambao dini zetu zimeuharamisha na ambao mara nyingi dhiki ndiyo inayousukuma. Nasema kwamba mwanamke aliyesimamisha nyumba mjini, akaweka watu ndani yake na kuwarithisha, huwezi kumfanya mfano wa kiumbe asiye na jamaa, isipokuwa kama hukujishughulisha kujua aliishije. Waliolitafsiri jina la jiwe, basi, wamewadhulumu watu mara mbili: kwanza kwa kulichukua tusi, kisha kwa kulibadilisha maana lisionekane kuwa ni tusi.

Nakuja kwenye hoja ambayo watetezi wa jina huiona kuwa ngome yao, nayo ni kwamba jina linasadifu hali ya jiwe, kwa kuwa jiwe halina jinsi, halimo katika ganeti hizi wala zile. Huu ni ujinga uliovaa joho la elimu. Ganeti si jiwe moja. Ni jamii ya mawe yenye muundo mmoja ambamo metali hupeana nafasi, ikikaa magnesi huwa pairopu, ikikaa chuma huwa alimandini, ikikaa manganisi huwa spesataini, na kwa kuwa ardhi haifuati majedwali ya wanadamu, ni nadra kupatikana moja iliyo safi isiyochanganyika na mwenziwe. Jiwe la Umba ni mchanganyiko wa pairopu na spesataini, pamoja na sehemu ndogo ya nyinginezo. Lina wazazi wawili wanaojulikana, na nasaba yake inasomeka katika maabara yoyote. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Stockton na Manson, walipopendekeza uainishaji mpya wa ganeti za vito, waliuwekea mchanganyiko huu wa pairopu na spesataini mahali pake pa haki miongoni mwa ndugu zake. Maana yake ni kwamba jiwe halikuwa na kasoro siku ile lilipokataliwa mezani. Kasoro ilikuwa katika orodha ya mnunuzi, iliyotungwa kabla Umba haijatoa kilichomo tumboni mwake.

Linganisha na rodolaiti, ile ile iliyopendelewa na ambayo kwa ajili yake jiwe letu lilifukuzwa. Rodolaiti nayo ni mchanganyiko, wa pairopu na alimandini. Haikuwa safi zaidi, wala nasaba yake haikuwa bora kuliko ya mwenzake. Lakini mwaka 1898 Hidden na Pratt walipoieleza kutoka North Carolina, waliitazama rangi yake, wakachukua neno la Kiyunani la waridi, wakaipa. Machotara wawili wa jamii moja: mmoja alipokewa na wanazuoni akapewa jina la ua, wa pili alipokewa na mnunuzi aliyekuwa na haraka akapewa jina la kahaba. Mtu akiniambia kwamba tofauti hiyo imetoka katika jiwe, nitamwomba anioneshe ni wapi katika jiwe ilipoandikwa. Mimi naiona ilipoandikwa: ni katika umbali uliokuwapo kati ya chuo na shimo la Kalalani.

Watasema, kama wasemavyo daima, kwamba jina hilo hakulileta mgeni, bali lilitoka vinywani mwa madalali na wachimbaji wetu wenyewe, na kwa hiyo mwenye kulalamika ajilalamikie. Sikatai kwamba limetoka vinywani mwetu. Nauliza lilitokaje. Mchimbaji mdogo hana mshahara. Anakula kwa mkopo wa mwenye shimo au wa dalali, na jiwe likikataliwa, deni linabaki. Mtu wa namna hiyo akilitukana jiwe lililomtia hasarani anasema uchungu wake, na uchungu huo umetokana na hukumu ya aliyeshika fedha, si yake. Tusi lile lilikuwa mwangwi wa neno "hapana" lililosemwa mezani. Aliyelichukua mwangwi huo, akaupeleka ng'ambo, akauandika katika vitabu na kuufanya jina la elimu, ndiye mwenye dhima ya kuuliza kwanza neno hili lina maana gani katika nyumba za wasemaji wake. Na hakuuliza, au aliuliza akalijua, akaona halimhusu. Isitoshe, waliokuwa sokoni wakati huo aghalabu ni wanaume, wakitania kama wanaume wataniavyo wakiwa peke yao, ilhali wanaolibeba tusi hilo mgongoni ni wanawake, ambao ni nusu ya wasemaji wa lugha, na rai yao haikutafutwa.

Lugha yetu ya pwani haikukosa adabu ya kutaja vito, wala haikungoja kufundishwa. Mabaharia, wafanyabiashara na masonara waliokuwa wakipita katika bandari zetu walituachia majina ambayo tuliyapokea kwa staha na kuyatia katika mashairi, katika majina ya watoto wetu na katika sifa za wapenzi: yakuti, zumaridi, lulu, marijani, akiki. Almasi imetokana na neno la Kiyunani la kitu kisichoshindika. Feruzi, kwa Kiajemi, ni ushindi. Hata ganeti yenyewe, kwa asili yake ya Kilatini, imechukuliwa katika komamanga, tunda linalotajwa katika Kurani miongoni mwa matunda ya peponi, kwa kuwa punje zake huonekana kama vito vyekundu vilivyopangwa ndani ya ganda. Watu wa mataifa hayo yote, walipoona kitu kizuri kilichotoka ardhini, walikitafutia jina katika nguvu, katika ushindi, katika tunda, katika ua au katika mahali kilipozaliwa. Sijui kito kingine kilichofikishwa katika maduka ya kifahari kikiwa kimebeba tusi la mwanamke.

Na mwenye kudai kuwa jambo hili ni dogo, namtaka alipeleke jiwe lake katika nyumba ya Mswahili. Achukue pete ya dhahabu, aitie kito cha Umba kilichokatwa vizuri, kisha siku ya kupeleka posa, mbele ya baba wa binti, wajomba, mashangazi na mashekhe waliokaa jamvini, mshenga afungue kijaluba na kusema: "Tumemletea bibi harusi pete ya malaya." Sihitaji kueleza kitakachotokea. Mshenga mwenye akili atasema ni pete ya ganeti, au pete ya kito cha Umba, na kwa neno hilo moja atakuwa ameamua kesi nzima. Kito kinachochimbwa katika mkoa wa Tanga hakiwezi kutajwa kwa jina lake katika harusi ya Tanga; na jina ambalo haliwezi kutamkwa mahali kitu kinapotoka, wala mahali kinapostahili zaidi kuvaliwa, ni jina lisilofaa kazi yake, hata kama limepigwa chapa mara elfu.

Husemwa mwisho kwamba soko limekwisha kulizoea, na kulibadilisha ni kuwatia hasarani wauzaji. Amma katika hili, wafanyabiashara wenyewe ni mashahidi wangu. Wengi wao sasa huandika malaia badala ya malaya, kwa kubadilisha herufi moja, na sioni mtu anavyohangaika na herufi ya neno ambalo halimsumbui. Wanajua, na wanatafuta pa kujisitiri. Lakini sitara ya herufi moja haimfichi mtu, maana Mswahili akilisoma hulisoma vile vile. Mgeni naye, asiyejua Kiswahili, akilisikia hudhani kwamba jiwe limetoka katika nchi iliyokuwa ikiitwa Malaya kabla ya mwaka 1963, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, na hivyo jina humtukana mwenye mali nyumbani na kumpokonya mali yake ugenini kwa wakati mmoja. Ni faida gani ya biashara iliyomo humo?

Isitoshe soko halijapata kuwa gumu kiasi hicho katika majina. Jiwe la buluu lililogunduliwa Mirerani mwaka 1967 elimu ililitambua kuwa ni zoisaiti, jina lililotokana na Sigmund Zois, muungwana wa Slovenia wa karne mbili zilizopita. Lakini Tiffany wa New York walipotaka kuliuza waliona jina hilo halina mvuto, na mwaka 1968 wakaliita tanzanaiti, dunia ikalifuata bila ya kuhesabu hasara. Ganeti ya kijani ambayo Campbell Bridges aliipata kwanza Lemshuko, katika nchi hii, mwaka huo huo wa 1967, na baadaye akaipata upande wa Kenya, iliingizwa sokoni mwaka 1974 kwa jina la tsavoraiti, kutokana na mbuga ya Tsavo. Siwaonei wivu ndugu zetu wa Kenya kwa hilo. Tsavo ni jina zuri na jiwe limelistahili. Ninachosema ni kwamba ilipotakiwa, jina jipya lilipatikana, likatangazwa, likakubaliwa. Alichofanya muuza duka kwa ajili ya faida yake, haiwezekani wenye ardhi na wenye lugha wakashindwa kukifanya kwa ajili ya heshima yao.

Jina lenyewe halina haja ya kutafutwa mbali. Wapo waliokwisha kuiita umbalaiti ganeti nyingine ya bonde hilo hilo, yenye uwaridi wa zambarau, na kwa hiyo nisingependa neno hilo lichukuliwe likaleta mkanganyo. Naona inatosha kusema ganeti ya Umba, kwa Kiswahili na kwa kila lugha, na kulifanya hilo ndilo linaloandikwa katika stakabadhi za masoko yetu ya madini, katika vyeti vya kusafirishia na katika vitabu vya shule zetu. Tume ya Madini inayo mamlaka juu ya karatasi zinazopita mikononi mwake, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) limepewa kazi ya kusimamia ustawi wa lugha. Likitoka neno moja rasmi kutoka kwa hawa wawili, mnunuzi wa Bangkok au wa New York atakuwa na jina la kuandika ambalo limetoka kwa wenyewe, badala ya lile lililookotwa mezani.

Najua nitakavyojibiwa: kwamba jiwe la aina hii halitoki Umba peke yake, kwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 linachimbwa pia Bekily, kusini mwa Madagascar, na haiwi haki kulifunga kwa jina la bonde moja. Mwenye kujibu hivyo na azitazame ganeti nyinginezo. Alimandini imepata jina lake katika Alabanda, mji wa kale wa Asia Ndogo, nayo inachimbwa katika mabara mengi. Spesataini, ambayo ni mzazi mmojawapo wa jiwe letu, inaitwa kwa jina la msitu wa Spessart ulioko Bavaria, na mwaka 2007 ilipopatikana Loliondo, katika mkoa wa Arusha, hakuna aliyesema kwamba jina la msitu wa Kijerumani halifai kwa jiwe la Kimasai. Mara nyingi mahali lilipotambuliwa kwanza hulipa jiwe jina, na jina husafiri pamoja na aina yake. Basi mchimbaji wa Bekily naye, akilitoa jiwe hili katika udongo wake, na aliite ganeti ya Umba, kama vile mchimbaji wa Loliondo, asiyepata kuuona msitu wa Bavaria, anavyoliita la kwake spesataini.